Kujitawala Huanzia Nyumbani

Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, nyumba nyingi za wafanyakazi huingiwa na msiba usio na maiti. Baba huitazama karatasi, humtazama mtoto, kisha hutoa hukumu: "Huyu hana akili." Mama akijaribu kumtetea huambiwa kwamba ndiye aliyemdekeza. Mtoto mwenyewe hukaa kimya, na pole pole huanza kulisadiki neno aliloambiwa. Juma linalofuata fedha hukopwa, mtoto hupelekwa tuisheni, na bakora husogezwa karibu. Mwaka unaofuata matokeo ni yale yale.

Leo twapenda kusema na wazee wa watoto hao, na kusema nao bila kuficha. Hukumu ile mara nyingi si ya haki. Wengi wa watoto wanaohesabiwa kuwa hawana akili wanayo akili ya kutosha. Wanachokosa ni uwezo wa kuiongoza. Huanza kazi wasiimalize. Husoma ukurasa mzima, macho yakapita juu ya maneno huku moyo uko uwanjani. Kanuni ya hesabu waijua, lakini hukimbilia jibu kabla ya kulisoma swali mpaka mwisho. Kalamu ilikuwapo asubuhi, jioni haijulikani ilipo. Uwezo huo wa kuiongoza akili haununuliwi dukani. Hujengwa, na msingi wake huwekwa nyumbani, hata kabla mtoto hajaijua njia ya kwenda shule. Tena vifaa vya ujenzi wake vimo katika chumba kimoja cha kibarua sawasawa na vilivyomo katika jumba la mkurugenzi.

Jambo hili si dogo kwa nchi yetu. Januari 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake mpaka kidato cha nne, na mlango wa shule umekuwa mpana kuliko zamani. Lakini mlango ukiwa mpana, chumba hujaa. Mwalimu mwenye darasa la watoto wengi hawezi kusimama nyuma ya kila mmoja akimwambia: toa daftari, soma swali, maliza ulichoanza. Mtoto ambaye hajajifunza kujiambia maneno hayo mwenyewe hupotea katikati ya wenzake bila kelele. Kisha aingiapo kidato cha kwanza, baada ya kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili, hukuta masomo karibu yote yafundishwa kwa Kiingereza. Hapo mzigo wa akili huongezeka mara mbili kwa siku moja. Mwenye kujua kupanga kazi yake husimama. Asiyejua huanguka, nasi twasema hana akili.

NGUVU TATU ZA AKILI

Neno kujitawala tumelizoea katika habari za mataifa. Taifa lililojitawala hupanga mambo yake lenyewe, huzuia lisilofaa, na hugeuza mpango hali inapogeuka. Akili ya mtu nayo ina utawala wake. Wataalamu wanaochunguza akili za watoto wamezitaja nguvu tatu zinazofanya kazi hiyo.

Ya kwanza ni nguvu ya kushika jambo kichwani huku ukilitumia. Ya pili ni nguvu ya kujizuia: kuliacha lile linalovutia ili ufanye lile linalotakiwa. Ya tatu ni nguvu ya kugeuka: kuona kwamba njia hii haifiki, ukaiacha, ukatafuta nyingine bila kukata tamaa.

Chukua hesabu ya kawaida ya shule ya msingi. Mama amenunua machungwa 20 kwa shilingi 200 kila moja, matano yameoza, yaliyobaki ameyauza kwa shilingi 300 kila moja. Je, amepata faida kiasi gani? Kuzidisha si taabu hapa. Taabu ni kwamba mtoto lazima azishike namba zote kichwani, ajizuie asizidishe na kujumlisha ovyo kwa kuwa ameona namba, na akishapata fedha ya mauzo, akumbuke kugeuka na kuondoa fedha ya manunuzi. Atakayeandika shilingi 4,500 anajua kuzidisha. Amesahau tu kwamba safari haijaisha. Jibu lilikuwa hatua moja mbele yake: shilingi 500.

Nguvu hizi hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na sehemu hiyo hukawia kukomaa kuliko nyingine. Huendelea kukua hata mtu akiwa amepita umri wa miaka 20. Kwa hiyo mzee anayemtaka mtoto wa miaka 8 ajiongoze kama mtu mzima anadai unga kwa mahindi machanga. Mahindi hayana kosa. Yahitaji mvua, jua, na mkulima mwenye subira.

Kwamba uwezo huu una uzito katika maisha yote ya mtu, limekwisha kuonekana. Katika mji wa Dunedin, nchi ya New Zealand, wataalamu waliwafuata watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, wakawapima tangu utotoni. Habari zao zilipotangazwa mwaka 2011, walipokuwa wamefika umri wa miaka 32, ilionekana kwamba wale waliojizuia vema walipokuwa wadogo walikuwa na afya bora zaidi, fedha zao zilikuwa na utaratibu zaidi, na walikuwa wachache zaidi katika makosa ya jinai. Ndivyo ilivyokuwa hata walipolinganishwa na wenzao wenye akili sawa na waliotoka katika hali sawa ya nyumbani. Lakini la kututia moyo zaidi ni hili: watoto ambao kujizuia kwao kulizidi kadiri walivyokua, mambo yao yalikuwa mema kuliko ilivyotazamiwa mwanzoni. Maana yake ni kwamba jambo hili halifungwi kwa kufuli utotoni.

MTOTO WA MFANYAKAZI SI PUNGUFU

Wako watu wanaosema kwamba watoto wa maskini hawana subira kwa asili. Maneno haya twayakataa, tena twayakataa kwa ushahidi.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa Marekani aitwaye Walter Mischel aliwajaribu watoto wa shule ya chekechea katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mtoto aliwekewa kitu kitamu mezani, akaambiwa: waweza kukila sasa, au ngoja mpaka nirudi, nami nitakupa viwili. Miaka mingi baadaye ilionekana kwamba waliongoja walifanya vizuri zaidi shuleni. Habari hiyo ikaenea duniani, na watu wakaanza kusema kwamba subira ya dakika chache huamua maisha ya mtu.

Mwaka 2018 wataalamu wengine walilitazama jambo hilo upya kwa watoto zaidi ya 900 wa Marekani, wakiwamo wengi ambao mama zao hawakumaliza chuo kikuu. Walipotia katika hesabu hali ya nyumbani na maendeleo ya mtoto tangu mdogo, nguvu ya ile subira ilipungua sana. Kumbe sehemu kubwa ya kilichodhaniwa kuwa ni moyo wa mtoto ilikuwa ni nyumba alimotoka.

Na nyumba humfundishaje mtoto kungoja? Jibu lilitolewa katika Chuo Kikuu cha Rochester, huko huko Marekani, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013 kwa watoto 28. Kabla ya jaribio la kungoja, nusu ya watoto waliahidiwa rangi nzuri za kuchorea na vibandiko vizuri, nao wakaletewa kweli. Nusu nyingine waliahidiwa vivyo hivyo, kisha mtu mzima akarudi mikono mitupu akasema vimekwisha. Kisha wote wakawekewa kitu kitamu na kuambiwa wangoje. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa walingoja dakika 3.

Ndugu msomaji, yafikiri sana maneno hayo. Mtoto aliyedanganywa hakukosa akili. Aliitumia. Alijua kwamba kwa watu wa namna hii, kilicho mkononi ndicho chako, na cha kesho ni hewa. Sasa jiulize: umemwambia mwanao mara ngapi kwamba utakuja na daftari mwisho wa mwezi, na mwezi ukapita? Mara ngapi umemwahidi kwamba akimaliza kazi ya shule atakwenda kucheza, kisha alipomaliza ukamtuma dukani? Mfanyakazi ajuaye uchungu wa mwajiri asiyelipa kwa tarehe hapaswi kuwa mwajiri wa namna hiyo nyumbani kwake. Kama huna uwezo wa kununua kitu, usikiahidi. Ahadi ndogo inayotimizwa yajenga zaidi ya ahadi kubwa inayopeperuka.

Wala asiseme mtu kwamba subira ni mali ya watu wa Ulaya. Wataalamu waliolinganisha watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso, wakulima wa Kameruni, na watoto wa miji ya Ujerumani, walichapisha matokeo yao mwaka 2018. Watoto wa Kijerumani walioweza kungoja hawakufika 30 katika kila 100. Watoto wa Wanso walifika 70 hivi katika kila 100, na wengine walingoja kwa utulivu mpaka usingizi ukawachukua. Watoto hao walilelewa katika nyumba za udongo na mashamba, si katika vyumba vilivyojaa vitu vya kuchezea.

BAKORA HAIFUNDISHI KUJITAWALA

Hapa tutawaudhi baadhi ya wasomaji wetu, lakini hatuna budi kusema. Wazee wengi huamini kwamba mtoto asipopigwa hatasoma. Hoja yao ni kwamba wao wenyewe walipigwa wakasoma.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule mbili za nchi moja ya Afrika Magharibi, watoto wakiwa wa hali moja na mtaa mmoja. Katika shule moja bakora, makofi na kufinywa vilikuwa desturi ya kila siku. Katika nyingine mtoto aliyekosa alionywa kwa maneno au alitengwa kwa muda. Watoto walipewa majaribio ya kushika, kujizuia na kugeuka. Watoto wa chekechea hawakupishana sana. Lakini wale wa darasa la kwanza, waliokwisha kukaa chini ya bakora muda mrefu zaidi, walikuwa nyuma ya wenzao wa shule isiyopiga. Shule mbili si dunia nzima, na hatutaki kuzidisha maneno. Lakini yaliyoonekana yapatana na akili ya kawaida. Bakora humfundisha mtoto kumtazama mwenye bakora. Akiwapo, mtoto hutulia; akiondoka, utulivu huondoka naye. Huo ni utawala wa mtu mwingine juu yake. Kujitawala ni pale mtoto anapotenda lililo sawa wakati hakuna amwonaye.

Tusifahamike vibaya. Hatusemi mtoto aachwe afanye apendavyo. Sheria ya nyumba iwepo, iwe chache, ijulikane na wote, na ifuatwe leo kama ilivyofuatwa jana. Kazi ya shule kwanza, mchezo baadaye. Aliyevunja amepoteza mchezo wa siku hiyo, basi. Sheria isiyobadilika kwa hasira ya baba wala kwa machozi ya mtoto yatosha bila ya fimbo.

AGIZO MOJA, KAZI MOJA

Tuingie sasa katika matendo. Mtu mzima mwenyewe, asipoandika, hashiki kichwani zaidi ya mambo manne hivi kwa mara moja. Mtoto hushika machache zaidi. Hata hivyo twamtuma wa miaka 7: "Nenda dukani, lete unga kilo moja, chumvi, kiberiti, usisahau chenji, na ukirudi mpitie mama Asha umwambie aje." Mtoto hufika kwenye kona ya pili, chumvi imekwisha kuanguka kichwani. Arudipo hupokewa kwa kelele.

Mzee mwenye busara humwambia mtoto arudie agizo kabla ya kuondoka. Humfundisha kuhesabu kwa vidole: vitu vitatu, vidole vitatu. Kadiri siku zinavyopita humwongezea cha nne. Hivi ndivyo mtoto ajifunzavyo kwamba kichwa chaweza kusaidiwa, na mtoto anayejua kusaidia kichwa chake ndiye kesho atakayeandika pembeni mwa daftari: leo hesabu, kesho Kiingereza, Ijumaa jaribio.

Kadhalika na kazi ya shule. "Kasome!" si agizo, ni kelele. Mtoto hajui aanzie wapi wala aishie wapi. Mwulize: "Leo una kazi gani? Utaanza na ipi? Utajuaje kwamba umemaliza?" Maswali matatu haya hayahitaji cheti chochote kuyauliza. Lakini yamlazimisha mtoto kupanga, na kupanga ndiyo kazi yenyewe.

SAA NA MAHALI

Katika kiwanda, mashine hazingoji mtu apate hamu. Saa ikilia, kazi huanza. Mtoto naye apewe saa yake na mahali pake. Si lazima chumba cha kusomea. Wengi wetu hatuna. Yatosha kona ya jamvi, au kibaraza kabla giza halijaingia, au meza ya chakula ikiisha kufutwa. Muhimu ni kwamba pawe pale pale, na saa iwe ile ile. Jambo likishakuwa desturi, mtoto hatumii tena nguvu ya kujilazimisha kuanza. Nguvu hiyo huibakiza kwa kazi yenyewe.

Kwa muda huo, redio na televisheni zizimwe, na simu iwe mbali. Sheria hii imhusu baba pia. Baba anayemwambia mtoto asome huku yeye anacheka na simu yake amemfundisha mtoto somo moja tu, nalo ni lile aliloliona. Muda usiwe mrefu kupita kiasi. Kwa mtoto wa madarasa ya chini dakika 15 au 20 za kazi ya kweli, kisha apumzike, zapita saa mbili za kusinzia juu ya kitabu.

FUNGA DAFTARI, NIAMBIE

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo twaomba kila mzee alikate na kuliweka. Wazee wengi hujitenga na masomo ya watoto wao kwa aibu. "Mimi niliishia darasa la nne," husema, "nitamsaidia nini wa kidato cha pili?" Aibu hiyo haina msingi.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo habari za kusoma. Kundi moja lilisoma habari ile mara mbili. Kundi la pili liliisoma mara moja, kisha likaifunga na kuandika yote linayoyakumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele: walikumbuka sehemu 81 katika 100, wenzao 75. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara mbili walibaki na 42, na waliojijaribu walibaki na 56.

Hiyo ndiyo siri ya wanafunzi wengi wanaosoma usiku kucha na kufeli. Kusoma tena na tena humfanya mtu ajione anajua, kwa kuwa maneno yamezoeleka machoni. Kujua ni kuyatoa kichwani daftari likiwa limefungwa. Na kwa kazi hiyo mzee hahitaji kujua kemia wala Kiingereza. Ahitaji maneno matatu tu: "Funga daftari, niambie." Mtoto aeleze kwa Kiswahili chake alichosoma. Akikwama, afungue atazame, afunge tena aendelee. Akieleza hata mama asiyekwenda shule akaelewa, basi mtoto huyo ameelewa. Akizunguka maneno, wote wawili mtajua kwamba bado.

Kisha aeleze tena kesho, na tena baada ya juma. Saa moja iliyogawanywa katika siku nne huleta zaidi ya saa moja iliyomwagwa usiku wa kuamkia mtihani. Wahenga walilijua hilo walipozungumza habari ya haba na haba na kibaba.

USINGIZI, MICHEZO NA KAZI ZA NYUMBANI

Usingizi si uvivu. Madaktari wa Marekani wanaoshughulika na usingizi walitoa mashauri yao mwaka 2016: mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mtoto aamkaye saa 11 alfajiri kuwahi daladala, basi, apaswa kuwa amelala saa 2 usiku. Anayemkesha mtoto wa darasa la nne mpaka saa 5 usiku ili afaulu anamnyang'anya nguvu ile ile anayoitafuta, kwa maana akili iliyokosa usingizi haijizuii wala haishiki.

Michezo nayo si hasara. Katika bao la Kiswahili mna mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mwema hagusi kete kabla hajafuata kwa macho safari yake yote mpaka mwisho. Katika kitendawili mtoto hujifunza kuliacha jibu la kwanza lililo dhahiri na kutafuta la pili lililofichika. Katika hadithi ya bibi hushika watu watano na mambo kumi bila picha mbele yake. Hatusemi kwamba bao litamfaulisha mtu hesabu. Atakayecheza bao sana atajua bao sana. Hata ile michezo ya kompyuta inayouzwa ghali kwa ahadi ya kunoa ubongo haijathibitishwa kwamba yaongeza maksi shuleni. Twasema tu kwamba mtoto anayecheza michezo yenye zamu, kanuni na kungoja, anazoea zamu, kanuni na kungoja. Na michezo hiyo tunayo bure.

Kazi za nyumbani nazo ni shule nzuri. Kupika wali ni kupanga: mchele kuchambuliwa kabla ya maji kuchemka, moto kupunguzwa kwa wakati wake. Lakini hapa kuna dhuluma ambayo yafaa itajwe. Katika nyumba nyingi kaka huambiwa akasome, na dada huambiwa akaoshe vyombo, akachote maji, akambembeleze mdogo wao. Saa 3 usiku binti hufungua daftari macho yakiwa yamejaa usingizi. Matokeo yakija, husemwa kwamba wasichana hawana kichwa cha hesabu. Kichwa wanacho, saa zao ndizo zilizochukuliwa. Mvulana na aoshe vyombo Jumatatu, msichana Jumanne, na wote wawili watajifunza kupanga, na wote wawili watapata saa ya kusoma.

KUONDOA MKONO

Mtaalamu wa Kisovieti, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza jinsi maneno ambayo mtu mzima humwambia mtoto yanavyokuwa, pole pole, maneno ambayo mtoto hujiambia mwenyewe. Kwanza kwa sauti, baadaye kimya kimya moyoni. Mtoto anayenong'ona "kwanza hii, halafu ile" juu ya daftari lake hajapungukiwa na akili. Anaupokea utawala. Msimcheke, wala msimnyamazishe.

Basi lengo la mzee si kusimamia daima. Juma hili mwonyeshe. Juma lijalo fanyeni pamoja. Baadaye afanye yeye, nawe utazame. Mwisho afanye yeye, nawe umwulize tu limekwendaje. Kama amesahau daftari, usilikimbize shuleni kila mara. Acha mara moja aione hasara yake ndogo, ili asiione kubwa baadaye. Na siku atakapokosea katika kupanga, usiunyakue utawala wote kwa siku hiyo moja. Sisi tulioambiwa zamani na wakoloni kwamba bado hatujakomaa kujitawala twapaswa kuelewa jambo hili kuliko watu wengine.

JE, WAKATI UPO?

Atasema msomaji: "Mhariri, haya ni mazuri, lakini mimi natoka kazini saa 12 jioni, nafika nyumbani saa 2 usiku, nimechoka." Twajua. Hatumwombi mfanyakazi awe mwalimu wa usiku. Twamwomba dakika 15, na mahali asipokuwapo yeye, bibi, shangazi au kaka mkubwa ashike zamu kwa sheria ile ile. Mfanyakazi wa zamu ya usiku naweza kuuliza yale maswali matatu asubuhi, wakati wa chai.

Wala hatusemi kwamba nyumba yachukua nafasi ya shule. Walimu wa kutosha, vitabu na madawati ni haki ya mtoto, na haki hiyo yapaswa kudaiwa. Mtoto mwenye njaa hawezi kushika wala kujizuia, awe na desturi njema namna gani. Tena wako watoto ambao taabu yao si ya malezi: haoni ubao, hasikii vema, au utulivu wamshinda kuliko wenzake wote wa umri wake, nyumbani na shuleni pia. Huyo apelekwe kwa daktari, asipelekwe kwenye kona ya adhabu.

Lakini kwa wengi waliobaki, kazi yaweza kuanza leo hii jioni, bila kikao wala mchango. Usimpe mwanao ahadi usiyoweza kuitimiza. Mpe saa yake na mahali pake. Mwulize ataanza na nini. Kisha, akiisha kusoma, mwambie afunge daftari akueleze, nawe umsikilize mpaka mwisho.